Upande wa Msasa

Juzi binti yangu alinijia na mfuko wa vigawanyo vya droo. Vya plastiki, vyeupe, vya kuvuta vikabana vyenyewe. "Mama, sasa utaacha kututafutisha miwani kila asubuhi," akasema. Vikakataa kuingia. Droo yangu ni kazi ya fundi wa mtaani, imevimba upande mmoja, na plastiki haina subira na mbao iliyovimba. Nikaagiza karatasi ya msasa dukani, nikaanza kusugua. Harufu ya vumbi la mbao na gundi ikanipanda puani, mkono ukasimama wenyewe. Binti akauliza kama nimejikata. Nikamwambia hapana, nimekumbuka tu kwamba kuna wakati niliiogopa droo kuliko nilivyomwogopa mwalimu wa hesabu.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa nikisema kwamba tulipokuwa wadogo kabisa hatukuwa na cha kupanga. Sabuni ilikuwa kipande, na kipande chenyewe kilikatwa kwa uzi. Sukari ilikuja kwa mgawo, ikaisha kabla mtu hajaitafutia mahali pa kukaa. Kabati letu pale Mtanda, mjini Lindi, lilikuwa na droo moja pana na rafu mbili, na ukiivuta droo kilichokujia mbele ni vijiko vichache na mlio. Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Maduka yakajaa vitu ambavyo hata majina yake hatukuyajua sawasawa: chupa za chai zenye maua, sahani zisizovunjika, wembe wa pakiti, mafuta ya kujipaka yanayonukia hadi nyumba ya tatu. Wakati huohuo ghala la korosho alimokuwa karani baba yangu likafungwa, naye akaanza kupanda malori kwenda Dar es Salaam kuleta bidhaa za kuuza. Kila akirudi alituachia kimoja au viwili vya nyumbani, na vyote vikatumbukizwa katika droo ileile, wembe juu ya kijiko, sindano ndani ya kitana. Kutafuta kitu mle ilikuwa kama kuvua kwa mkono kwenye maji machafu.

Tulikuwa watu wanne. Baba, ambaye mara nyingi alikuwa njiani, na mvua zikikata barabara hatukujua atarudi lini. Mama, mtu wa Rutamba, binti wa wakulima, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Mimi, Somoe. Na bibi, mama yake baba, aliyetoka Kiswere kuja kula Idi nasi, Idi ikapita, akabaki. Bibi maneno hayakumwishia. Mimi aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wa pwani wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Mama naye akaitwa Mmwera wangu, kwa kabila lake.

"Mmwera wangu, samaki huyu umemkaanga au umemfukuza?"

"Nimemkaanga, mama. Aliyetaka wa kuchemsha angebaki kwao Kiswere."

Hivyo ndivyo walivyokuwa, kutwa, mpaka majirani wakashangaa, maana mke na mama mkwe kukaa nyumba moja bila kununiana halikuwa jambo la kila mtaa. Kisha utani ukapungua. Nikaanza kuwakuta jikoni wananong'ona, na mimi nikiingia wanageukia vitunguu.

Ningewaacha na vitunguu vyao kama si jambo la Mama Hadija. Huyu alikuwa jirani yetu, mlango kwa mlango, na Hadija alikuwa rafiki yangu. Mama Hadija aliachwa. Kwetu mwanamke akiachwa huondoka na vyombo vyake, vile alivyokuja navyo na vile alivyopewa na watu wake. Wazee wa pande mbili wakaketi kwenye mkeka uani, vyombo vikatolewa nje, mchi wa kinu ukalazwa katikati, na kila kitu kikawekwa upande wake. "Hiki cha nani?" "Cha mke." "Hiki?" "Cha mume." Sufuria huku, kitanda kule. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyelia, na labda hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mwisho Hadija akapanda gari la kwenda Sudi, kwao mama yake, pamoja na fungu la mama, na kaka yake akabaki na fungu la baba. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye uchochoro nikiangalia. Nilirudi nyumbani nikijua jinsi familia inavyovunjwa: inaanza kwa kupanga vitu pande mbili.

Sasa fikirieni hali yangu siku niliporudi kutoka chuo cha Kurani, juzuu mkononi, nikamkuta mama sakafuni na msumeno wa baba, anakata kasha la majani ya chai. Droo ilikuwa imetolewa, iko mbele yake tupu. Bibi alikaa kando kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akipokea kila kibao na kukipapasa taratibu. Mama alikisugua kibao upande mmoja mpaka kikawa laini, upande wa pili akapaka gundi na kubandika karatasi ya msasa. Kisha akakisimamisha katikati ya droo, akagonga misumari miwili, akaanza kugawa.

Wembe wa baba ukaenda upande wa msasa. Kisu cha baba kikafuata. Koleo, misumari, ndoana. Upande laini vikaenda vijiko, vitana, ushanga wa mama, karafuu, na kijaluba cha bibi, kile kikopo cha shaba alichowekea tambuu yake ya kutafuna. Rafuni vivyo hivyo. Chemli, chupa ya mafuta ya taa na sumu ya panya, ambavyo baba akiwepo hakutaka mtu mwingine avishike, vikawekwa upande wa msasa. Mafuta ya nazi, samli na siki, vitu vya mama, upande laini. Niliona sindano na mkasi wa mama vinakwenda upande wa baba, nikatatizika kidogo. Nikajijibu kwamba baba ndiye aliyevinunua. Mtoto akishapata jibu lake, ushahidi unaopinga haumsumbui.

"Mama, mnafanya nini?"

Mama akaiweka nyundo chini.

"Tunapanga, mwanangu," mama akasema. "Kila kitu kikae kwake."

"Na la nyumbani linabaki nyumbani," bibi akadakia. "Hata baba yako akija, mke mwenzangu, hujaona kitu. Nitamwambia mwenyewe siku yake ikifika."

Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi nilikuwa nimeshalowa. Bibi ndiye anayempangia mama safari ya kurudi Rutamba! Nilimtazama yule bibi yangu mcheshi, aliyenigawia tende kutoka mdomoni mwake mwenyewe, nikamwona mtu mwingine kabisa. Siku chache baadaye nikamsikia mama jikoni akisema, "Lazima ajue. Tutamficha mpaka lini?" na bibi akajibu, "Akijua, nyumba hii haitakuwa ileile." Baada ya hapo sikutaka kusikia zaidi.

Swali lililonikaa kooni halikuwa nani anaondoka. Hilo nilikuwa nalo tayari. Swali lilikuwa mimi nitawekwa upande gani. Rutamba nilipapenda, kulikuwa na babu yangu mwingine na mihogo mitamu. Lakini baba kila akirudi safari alinitafuta mimi kwanza, hata kabla ya kuvua viatu, na nikiwa Rutamba angemtafuta nani? Wakati wa kula nilianza kukaa katikati ya mama na bibi, nimewabana, wali unanishinda. Mama alinipima homa kwa kiganja, akanichemshia mwarobaini. Nikaunywa wote bila kubisha, maana nilidhani mtoto mtiifu pengine haachwi.

Baba alirudi na gari la korosho, ana vumbi hadi kwenye nyusi. Alinibeba, akamwamkia mama yake, akaoga. Kisha akavuta droo achukue wembe. Nilikuwa nyuma yake. Alisimama pale kwa muda akiangalia kile kibao, akagusa msasa kwa kidole, akatazama rafuni, chemli yake na chupa yake vimetengwa. Nilisubiri aulize.  Aliirudisha droo polepole, mtu asije akasikia.

Kuanzia hapo baba akawa mwema kupita kiasi. Aliomba chumvi kwa adabu, utadhani yuko ugenini. Alisifia mchuzi ambao hata paka wetu aliusitasitia. Asubuhi akachukua ndoo mbili akaenda bombani mwenyewe, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakampisha kwa kicheko: "Leo Baba Somoe kaolewa!" Mama akamtazama kwa mashaka, akampokea ndoo. Mimi nilimwona baba anaaga. Niliamini hivyo ndivyo mume anavyofanya akijua amebakiwa na siku chache.

Basi nikabuni dawa. Nilikuwa na hereni mbili ndogo za ndoano, alizoniletea baba. Moja nikaiweka upande wa msasa, chini ya wembe. Nyingine nikaiweka upande laini, juu ya kijaluba cha bibi, mahali ambapo mama asingekosa kuiona akifungasha. Kandambili zangu nazo nikazitenganisha rafuni, mguu mmoja kwa baba, mwingine kwa mama. Nilifikiri hivi: mama akifika Rutamba atakuta hereni moja, atasema moja ni ya nini, atarudi kutafuta ya pili. Baba naye akiiona ya kwake ataipeleka. Watakutana njiani. Nilijiona mwerevu kuliko wazee wote waliokaa kwenye mkeka wa Mama Hadija.

Mchana ule, baada ya chakula, baba alijilaza sebuleni kwenye mkeka, kanga ya mama usoni kuzuia nzi. Mama alikuwa jikoni anakwangua ukoko. Bibi akaenda kabatini kuchukua tambuu. Mkono wake ulishuka kwenye droo, ukagusa kibao upande laini, ukatambaa chini bila wasiwasi wowote. Kisha akapiga kelele.

"Yarabi! Mama Somoe! Umeweka nini upande wa laini? Nimechomwa!"

Mama akatoka jikoni mbio na upawa mkononi. Baba akaondoa kanga usoni, akainuka.

"Nini, mama? Hebu nione hicho kidole."

Bibi akanyoosha mkono, tone la damu likiwa kwenye ncha ya kidole. Lakini aliunyoosha kuelekea mlangoni, ambako hapakuwa na mtu. Baba alikuwa amesimama upande mwingine kabisa.

"Mama," akasema baba, sauti imeshuka. "Mimi niko huku."

Bibi aliugeuza mkono haraka, lakini alikuwa amechelewa. Mama aliinamisha kichwa. Baba alimwendea mama yake, akamshika uso kwa mikono miwili, akayatazama macho yake kwa karibu, nami nikatazama pia. Mbona sikuyaona siku zote zile? Katikati ya kila jicho palikuwa na kitu cheupe, kama tui lililoganda.

"Sioni, mwanangu," bibi akasema. "Tangu kabla ya Idi. Mwanga nauona, mtu nampata kwa sauti, mengine ni ukungu."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie uache safari zako ukae hapa kunishika mkono, mkale nini? Au unirudishe Kiswere nikae kibarazani nahurumiwa na wapita njia? Mkeo aliniona mwenyewe. Nilitaka kutia mafuta ya taa kwenye dagaa nikidhani ni ya nazi. Kesho yake nikajikata na wembe wako nikitafuta tambuu. Nikamwapisha asiseme, nikamwambia akisema simsamehe."

"Ndipo nikavitenga," mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kubeba kitu kizito. "Kinachokata, kinachochoma na kinachodhuru, upande wa msasa. Akigusa msasa anajua arudishe mkono. Upande wa laini atie mkono bila hofu." Kisha akaingiza vidole kwenye droo, akaitoa hereni yangu. "Sasa hii imefikaje huku?"

Wote wakanigeukia, hata bibi. Nililia kabla sijasema. Nilisema yote kwa mkupuo, na Hadija, na Sudi, na mchi, na kandambili, na kwamba nimeweka moja kwa mama na moja kwa baba ili wasiachane.

"Nani kakwambia tunaachana?" mama akauliza.

"Droo," nikasema.

 Kisha baba akakohoa.

"Kwani," akasema, akimtazama mama kwa woga ambao sikuwahi kuuona kwa mtu mzima, "hatuachani?"

Mama akageuka polepole, upawa ungali mkononi.

"Baba Somoe. Na wewe?"

"Ningejuaje? Nimerudi nakuta vyangu vyote vimetengwa, wembe, kisu, mpaka chemli. Nikasema basi, amenichoka. Mwanamume hana kazi, analala kwenye malori, atavumiliwa mpaka lini?"

"Ndiyo maana ulikwenda bombani?"

"Ndiyo."

"Na mchuzi ule ukausifia?"

"Mchuzi ule ulikuwa mbaya sana, Mama Somoe," baba akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Mama alikaa chini palepale sakafuni. Nilidhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka anashika mbavu. "Mimi nikitaka kukuacha," akasema alipopata pumzi, "nikupangie kabati la nini? Si ningekuachia fujo yako ikutie adabu!" Akamvuta baba kwa kikunjo cha shuka, baba akakaa karibu yake, nami nikaingia katikati yao kwa nguvu zangu zote. Bibi alikuwa bado amesimama.

"Mkimaliza kupendana," akasema, "kidole changu kinavuja damu."

Sijui niielezeje raha ile. Nimeolewa, nimezaa, nimewahi kusubiri majibu ya hospitali yakaja mazuri, na bado sijaishinda raha ya mchana ule.  Nilisikia njaa ya siku zote ambazo sikula, nikaomba ukoko, nikala ukoko wote nikiwa kwenye mapaja ya mama, nikalala kabla sijaumeza wa mwisho. Nilipoamka jua lilikuwa limeshuka na wote watatu walikuwa mlemle sebuleni, wanabishana kuhusu hospitali.

Bibi hakutaka kusikia habari ya kisu kwenye jicho. Baba alibembeleza, mama akatishia kuacha kumnunulia tambuu, na hilo ndilo lililomshinda. Ikabidi tusubiri mpaka barabara ya bara ikauke. Katika kipindi hicho sote tulijifunza sheria ya droo. Baba akimaliza kunyoa alirudisha wembe upande wa msasa hata kama anachelewa lori. Mimi nilipewa kazi ya kukagua kila asubuhi kwamba hakuna kitu kilichohama, na niliifanya kwa ukali, hata wageni niliwagombeza. Bibi akarudia utani wake. Alikuwa akisimama mbele ya kabati, uso ameutazamisha dirishani, mikono ikichagua, huku akimuuliza mama kama Rutamba wameshajua kula kwa sahani.

Matope yalikauka kwanza barabarani, kisha ukungu ukapungua machoni mwa bibi. Walikwenda hospitali ya misheni huko bara, baba na bibi, wakakaa huko mpaka nikaanza kuota ndoto mbaya. Walirudi jioni na lori la mbao. Bibi alishuka mwenyewe, bila kushikwa, jicho moja limefungwa na moja liko wazi. Alinitazama kwa lile moja kutoka unyayo hadi kichwani.

"Kumbe mke mwenzangu una pengo!" akasema. "Na mimi nilikuwa nakuonea wivu."

Kisha akaenda ndani moja kwa moja. Hakutaka maji, hakutaka kiti. Alivuta droo, akainama, akaiangalia kazi ya mama kwa mara ya kwanza. Sote tulisimama nyuma yake. Nami kwa kweli siku hiyo ndipo nilipoiona vizuri: kibao kimekatwa mshazari, msasa umebandikwa kombo, gundi imetiririka ikakaukia pembeni, na msumari mmoja umepinda ukalazwa kwa hasira.

"Mmwera wangu," bibi akasema. "Ndicho hiki?"

"Ndicho, mama."

"Kibaya hivi?"

Mama alitazama chini, nikaona ameumia kidogo. "Nilikikata mwenyewe, mama. Sikuwa fundi. Basi sasa si unaona, alhamdulillahi. Kesho nitakitoa."

Bibi alifumba lile jicho lake jipya. Akatia mkono kwenye droo, akagusa upande laini, akatoa kijaluba chake bila kubabaika. Akakifungua, akachukua kipande cha tambuu akakiweka shavuni, akakirudisha mahali pake.

"Kitoe," akasema, "na mimi na wewe tumeachana."